Rangi ya Kijani Haipindi Kona

Mashine ya kupima alainimenti, yaani jinsi magurudumu yalivyoelekezwa na kuinamishwa, hugeuza namba kuwa rangi. Gurudumu lililo nje ya kipimo huonyeshwa kwa nyekundu, lililo ndani kwa kijani. Mteja husimama nyuma yangu, mikono mfukoni, akihesabu visanduku kwenye skrini. Vyote vikishakuwa kijani anauliza bei, analipa, anaondoka ameridhika. Kazi hii nimeifanya hapa Nakuru kwa miaka mingi, na imenionyesha kwamba gari laweza kuwa kijani tupu, karatasi ya vipimo ikawa safi, na bado likakataa kona.

Sababu ni kwamba mtengenezaji wa gari hatoi namba moja. Hutoa namba ya katikati, kisha nafasi ya kupishana huku na huku. Chukua kemba, yaani mwinamo wa gurudumu ukilitazama gari kwa mbele. Kwa magari mengi nafasi hiyo ni nusu digrii au zaidi kila upande. Kwa hiyo gurudumu la kushoto linaweza kuwa limeinama ndani kwa juu, la kulia limeinama nje, na yote mawili yakawa kijani. Gari la namna hiyo lina tabia mbili. Kona ya kulia linaipenda, kwa sababu uzito unaliegemea tairi la kushoto ambalo limeinama vizuri. Kona ya kushoto linaikataa. Na barabara ikinyooka, linajivutia kulia polepole hadi mkono wa dereva unachoka bila yeye kujua kwa nini.

Mimi sasa naanza na maswali kabla ya kuwasha mashine. Unapita barabara gani? Unabeba nini? Peke yako au na familia? Wengine hunitazama kana kwamba nawapeleleza. Lakini gari linalozunguka kati ya Lanet na mjini halihitaji kile linachohitaji gari linaloshuka kila wiki kutoka Kabarnet hadi Marigat, au linalotoka Kericho kwenye mvua ya majani chai na kuteremka hadi joto la Ahero. Anayepanda Iten kutoka bonde la Kerio amepanda zaidi ya mita elfu moja kwa kona zinazofuatana bila kupumua, na kila moja inamdai tairi lilelile la mbele la upande wa nje.

Hilo tairi la nje ndilo habari yenyewe. Sehemu ya tairi inayogusa lami haizidi sana kiganja cha mtu mzima. Gari zima, abiria na mizigo, vinashikiliwa na viganja vinne. Kwenye kona uzito unahama kutoka upande wa ndani kwenda upande wa nje, na hapo ndipo tairi linapofanya jambo ambalo wateja wengi hawalitarajii: ukiliongezea uzito mara mbili, mshiko hauongezeki mara mbili. Unaongezeka, lakini kwa upungufu. Kwa hiyo kila kinachofanya uzito uhame kupita kiasi, au kinachofanya tairi la nje lisimamie bega lake badala ya kulala bapa, kinakula mshiko wa gari zima. Kazi yangu yote, ukiondoa maneno ya kitaalamu, ni kulifanya tairi lile lilale bapa wakati gari limeinama.

Nina mteja mmoja, mwalimu wa upande wa Baringo, mwenye Toyota Fielder. Alikuja akiwa na karatasi za vipimo kutoka karakana nyingine, zote kijani.

"Fundi, nimefanya alainimenti tena na tena. Nikikanyaga breki kabla ya kona, hili gari linatafuta njia yake."

"Mwalimu, bushi za mkono wa chini zilibadilishwa lini?"

"Bushi zipi?"

Nilipandisha gari kwenye lifti, nikaingiza chuma kati ya fremu na mkono wa chini, ule unaoshikilia gurudumu, nikasukuma. Mkono ulisogea kwa wepesi ambao raba nzima isingeruhusu. Bushi ndiyo raba hiyo inayoushika mkono kwenye fremu, na ilikuwa imepasuka kabisa kwa nyuma. Sasa fikiria: mashine inapima gari lililosimama, halijakanyaga breki, halijapinda. Magurudumu yamekaa mahali pake na skrini inafurahi. Mwalimu akianza kuteremka na kukanyaga breki, mkono unarudi nyuma, gurudumu linageuka, na vipimo vyote vilivyolipiwa vinabaki karakana. Hakuna alainimenti inayoshinda raba iliyopasuka. Tulibadilisha bushi za pande zote mbili na boljointi moja, kile kiungo cha mkono na gurudumu, iliyokuwa na mchezo, ndipo tukapima.

Hapa niseme kitu ambacho mafundi wenzangu wa jua kali watanikasirikia. Bolti za bushi za raba hazikazwi gari likiwa linaning'inia. Ukizikaza magurudumu yakiwa hewani, raba inashikwa katika hali ya kuning'inia, na gari likishushwa inakaa imesokotwa saa zote, mchana na usiku. Inapasuka mapema, na kabla ya kupasuka inavuta gari upande au kulinyanyua kidogo. Zibane kwa mkono tu, shusha gari likalie magurudumu yake, lisukumesukume litulie, ndipo ukaze kwa nguvu inayotakiwa. Ni dakika chache za kulala chini ya gari, na ndizo dakika ambazo fundi mwenye foleni ya wateja huziruka.

Baada ya vyuma na raba kuwa sawa, kuna tairi lenyewe. Nakuru, Kisumu, Eldoret, kote huku watu wananunua matairi ya mitumba kwa sababu meno yake bado marefu. Meno yanaweza kuwa marefu na raba ikawa imekauka kama gamba. Angalia namba nne za mwisho za tarehe pembeni mwa tairi: 2316 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2016. Tairi la umri huo, hata likiwa halijaisha, linateleza kwenye lami yenye unyevu bila kukuonya. Mimi humwambia mteja wazi kwamba pesa ya kemba na kasta (mwinamo wa mhimili wa usukani ukilitazama gari kwa ubavu) aiweke kwenye matairi kwanza. Wengine huondoka kwenda kwa fundi mwingine mwenye maneno matamu.

Sasa too. Hiki ndicho kipimo ninachokiheshimu kuliko vyote, na ndicho watu hukichukulia kwa wepesi. Ukiyatazama magurudumu ya mbele kutoka juu, yanaweza kuwa yamefungana kidogo kwa mbele, yamefunguka kidogo, au yamenyooka sambamba. Tofauti ni ndogo sana. Kwenye rimu ya inchi 16, milimita moja kati ya kipimo cha mbele na cha nyuma ni kama dakika 8 na nusu za digrii. Lakini ichukue robo digrii kwa gurudumu moja, kitu ambacho macho hayakioni, na uhesabu: katika kila kilomita moja, tairi hilo linasukumwa kando zaidi ya mita 4. Kutoka Nakuru hadi Kisumu ni kilomita kama 180. Tairi litakuwa limesuguliwa kando karibu mita 800 ukifika Kisumu kununua samaki. Ndiyo maana tairi lenye too mbaya linaisha kwa namna ya pekee: ukipitisha kiganja kukata meno kuelekea upande mmoja ni laini, ukirudisha kinakwaruza kama msumeno. Kiganja kinatambua kabla ya jicho.

Kwa kona, magurudumu ya mbele yakifunguka kidogo, gari linaitikia usukani haraka. Pua inaingia mara tu unapogeuza. Vijana huipenda hiyo, na kwenye uwanja wa mashindano ina maana yake. Lakini kwenye mpando wa Sachangwan, mahali malori mazito yamechimba mifereji kwenye lami, gari la namna hiyo linahangaika, linaifuata mifereji kushoto na kulia, na dereva anakuwa na kazi ya kulirekebisha muda wote. Kwa gari la barabarani mimi huweka mbele sambamba au imefungana kwa dakika chache tu. Nimejaribu kufungua kwenye gari langu mwenyewe, Subaru Impreza ya milango mitano, na nilifurahia kona za milima ya Tugen na kuichukia barabara yote iliyobaki. Nikairudisha.

Nyuma ni suala jingine. Magurudumu ya nyuma yakifunguka kwa mbele, mkia wa gari unataka kutangulia, hasa ukiachia mafuta ghafla katikati ya kona. Mteremkoni hicho ni kifo. Nyuma nataka imefungana kidogo daima, na kushoto na kulia zilingane. Zisipolingana, gari linatembea upande-upande: mwili unaelekea huku, njia inaenda kule, na usukani unakaa umepinda hata ukiwa unaenda moja kwa moja. Mafundi wengi huanza mbele, wanauweka usukani sawa, wanaita mteja. Kazi inaanzia nyuma. Nyuma ndiyo inayoamua gari linaelekea wapi. Mbele unaiweka ifuate. Na katika kila upande kemba na kasta hutangulia, too inafungwa mwisho, kwa sababu ukigusa kemba too inasogea nayo.

Asiye na mashine karibu anaweza kupima too kwa uzi. Nimefanya hivyo mara nyingi kabla sijaajiriwa penye mashine, na bado naiamini njia hiyo. Unasimamisha gari kwenye sakafu iliyo sawa kabisa, unafunga uzi wa nailoni kwenye vyuma viwili kila upande, mbele na nyuma ya gari, kwa kimo cha katikati ya magurudumu. Nyuzi mbili lazima ziwe sambamba, na kila moja iwe umbali uleule kutoka katikati ya ekseli zote mbili. Hapo ndipo watu hukosea, kwa sababu upana wa mbele na wa nyuma mara nyingi haulingani. Kisha unapima kwa rula kutoka uzi hadi ukingo wa mbele wa rimu na ukingo wa nyuma. Tofauti ndiyo too. Sogeza gari mbele nusu mzunguko upime tena, kwa sababu rimu nyingi za huku zimeshapigwa na mashimo na hazijanyooka. Ni kazi ya subira, na matokeo yake si duni kuliko ya mashine iliyopimiwa kwa haraka.

Turudi kwenye kemba, mahali mshiko wa kona unapopatikana hasa. Gari likiinama kuelekea nje, tairi la nje nalo linaelekea kuinama nje pamoja na mwili, na bega la nje linabeba mzigo wote. Ukiweka gurudumu limeinama ndani kidogo kwa juu tangu mwanzo, gari likilala kwenye kona tairi linakaribia kusimama wima juu ya lami. Swali ni kidogo kiasi gani. Subaru yangu ina bolti ya juu inayounganisha shokabu ya mbele na kitovu, yenye kichwa kisichokaa katikati. Ukiizungusha, kemba inabadilika. Niliipeleka hatua kwa hatua, na nikaishia kwenye digrii moja na robo ndani kwa magurudumu ya mbele, pande zote mbili sawasawa. Zaidi ya hapo bega la ndani la tairi lilianza kuisha kwa kasi isiyolingana na faida, na breki ya ghafla kwenye barabara iliyonyooka ilihisi kupungua mshiko, kwa sababu tairi lililoinama sana halilali bapa ukienda moja kwa moja.

Nilipimaje? Kwa chaki. Unachora mistari kutoka kwenye meno ya tairi kupitia begani hadi pembeni, katika sehemu tatu au nne za mzunguko. Unaendesha kwenye kona za kawaida, unasimama, unaangalia chaki imefutika hadi wapi. Ikifutika ikashuka pembeni mwa tairi, tairi linajipindua: upepo ni mdogo au kemba haitoshi. Isipofika begani kabisa, pengine umezidisha upepo. Halafu weka kiganja kwenye tairi likiwa bado na joto, ndani, katikati, nje. Penye joto kali ndipo penye kazi kubwa. Wenye mashindano wana vipimajoto vya sindano vya kuchoma kwenye raba; kiganja hakitoi namba, lakini kinatosha kusema ndani na nje zinatofautiana.

Majaribio yenyewe siyafanyi kwenye barabara ya Kabarnet. Kuna mbuzi pale, kuna watoto wanaotoka shule, na kuna malori ya mchanga yanayokata kona kwa upande wako. Mteja mmoja mwenye ghala upande wa Lanet ameniruhusu kutumia uwanja wake wa lami siku ya Jumapili. Naweka koni katika duara lenye mita 15 kutoka katikati hadi ukingoni, nazunguka kwa mwendo usiobadilika, nikiongeza taratibu. Kwenye duara la ukubwa huo, kilomita 35 kwa saa tu zinatosha kuyafanya matairi ya kawaida yaanze kulia. Hapo unasikia kila kitu: pua ikisukumwa nje, mkia ukilegea, usukani ukipoteza uzito. Kasi ni ndogo, na kosa linakugharimu koni.

Duara hilo limenipa na heshima nyingine. Nguvu inayolisukuma gari nje ya kona inaongezeka kwa mraba wa mwendo. Ukitoka kilomita 40 kwenda 50 umeongeza mwendo robo, lakini nguvu ile imeongezeka kwa zaidi ya nusu. Kemba nzuri, matairi mazuri na shokabu mpya vyote pamoja vinakupa kilomita chache tu kwa saa kwenye kona ileile. Mtu anayedhani nimemtengenezea gari la kuruka kwenye mteremko wa Salgaa anajidanganya. Nilichompa ni gari linalotii kwa mwendo aliokuwa nao jana.

Niingie kwenye springi, maana hapa ndipo damu yangu inapochemka. Wateja wa Nakuru wamegawanyika makabila mawili. Kabila la kwanza linakata springi ili gari likae chini. La pili linatia spesa ili gari likae juu. Yote mawili huja kwangu kutafuta kona.

Anayekata springi anaamini kushusha gari ni kuongeza mshiko. Ana nusu ya ukweli: uzito ukikaa chini, unahama kidogo kwenye kona. Lakini gari la kawaida lenye shokabu na springi pamoja mbele lina mkono wa chini uliopangwa ukae karibu na ulalo wake. Ukishusha gari sana, ncha ya mkono upande wa gurudumu inapanda juu kuliko ncha ya upande wa mwili. Sasa gari likilala kwenye kona, gurudumu badala ya kuinama ndani linasukumwa nje. Na ile nukta ambayo mwili unazungukia wakati wa kulala inashuka haraka kuliko uzito ulivyoshuka, kwa hiyo mwili unapata nguvu zaidi ya kulala. Umeshusha gari na umeliongezea hamu ya kuinama. Kisha, kwa kuwa nafasi ya kusafiri imebaki ndogo, tuta la kwanza katikati ya kona linaigonga shokabu kwenye raba yake ya mwisho, springi inakuwa jiwe ghafla, na tairi linaachia. Hiyo ndiyo sababu gari lililokatwa springi linashika vizuri, linashika vizuri, halafu haliko tena barabarani. Pia springi iliyokatwa inaweza kuhama kitako chake gurudumu likining'inia kwenye shimo. Kuna kijana aliniambia, "Lakini fundi, limekaa poa." Nilimwambia kukaa ndiyo kazi pekee lililobaki nayo.

Kabila la spesa lina sababu bora zaidi, kwa kweli. Barabara za kuingia mashambani Njoro, Molo, Olenguruone, mvua ikinyesha, gari la chini linabaki kwenye matope. Siwalaumu. Ninachowaomba ni kiasi. Spesa ya inchi moja juu ya shokabu, pande zote sawa, ikifuatwa na alainimenti, gari bado linaendeshwa kiungwana. Inchi mbili na nusu, boljointi na jointi za ekseli zinafanya kazi kwa pembe ambayo hazikuumbiwa, na uzito umepanda juu. Zile raba za kubana kati ya mizunguko ya springi, zinazouzwa kando ya barabara, nazitoa kila nikiziona. Zinaua sehemu ya springi, zinaifanya iliyobaki iwe ngumu, na mara nyingi zimewekwa upande mmoja tu, kwa hiyo gari lina springi mbili tofauti na mwenyewe anashangaa kwa nini kona za kushoto si sawa na za kulia.

Tangu Safari Rally irudi kwenye mashindano ya dunia mwaka 2021, ikiwa na makao Naivasha na njia zake kupita Soysambu na Elmenteita, mjadala huu umekuwa mkali zaidi. Vijana wanaenda kutazama, wanarudi wanataka springi ngumu. Ningewaomba watazame tena, mwendo wa polepole kwenye simu zao. Magari yale yamenyanyuliwa, magurudumu yanashuka na kupanda safari ndefu, yanalifuata kila bonde la ardhi ili tairi lisiachane nayo. Ugumu peke yake haushiki barabara. Kwenye lami laini kama meza, gari gumu linapendeza. Kwenye lami yetu yenye viraka na matuta yasiyo na alama, gurudumu linaloruka hewani halina mshiko wowote, hata kama kemba yake ilipimwa na malaika.

Kazi ya kulizuia gurudumu lisiruke ni ya shokabu, na hicho ndicho kiungo ambacho wateja hukibadilisha mwisho, wakishabadilisha vingine vyote. Kulisukuma gari kwa mkono na kuhesabu mitikisiko kunakuonyesha shokabu iliyokufa kabisa tu. Iliyochoka haionekani kwa njia hiyo. Mimi huangalia mafuta yaliyovuja, kisha meno ya tairi: yakiwa na vibonde vya kupishana kuzunguka tairi, gurudumu limekuwa likirukaruka. Za mitumba kutoka Japani ni bahati nasibu. Nunua jozi, zisiwe moja moja, na kama pesa ni za jozi moja tu, mteja mwenye gari linalotupa mkia nampa ushauri aanze nyuma.

Kuhusu stabilaiza, ile fito ya chuma inayounganisha upande wa kushoto na wa kulia ili gari lisilale sana, kwa kifupi: nene zaidi nyuma inasaidia gari ambalo pua yake inasukumwa nje, nene zaidi mbele inaongeza ugonjwa huo. Lakini kwenye barabara mbovu inayafunga magurudumu ya kushoto na kulia pamoja, na shimo la upande mmoja linayumbisha pande zote. Linki zake zikilegea zinagonga, na watu hudhani ni shokabu. Badilisha linki kwanza, ni rahisi.

Upepo wa matairi nao una mambo yake kwa mtu wa huku. Pima asubuhi, tairi likiwa baridi, si baada ya kuendesha hadi petroli stesheni. Tairi lililokwisha pata joto linakudanganya kwa pauni kadhaa. Aliyejaza Kisumu, kimo cha mita kama 1,130, akapanda hadi Timboroa iliyo zaidi ya mita 2,700, ana hewa nyepesi zaidi nje ya tairi, na kipimo kitasoma juu kwa kama pauni 2. Lakini Timboroa ni baridi, na kila digrii 5 au 6 za baridi zinaondoa pauni moja. Mambo hayo mawili yanakaribia kufutana. Nilipohesabu mara ya kwanza sikuamini, nikapima safarini, na tofauti ikawa ndogo kama hesabu ilivyosema.

Kasta siigusi sana. Kwa magari mengi yanayoletwa kwangu haina pa kurekebishia. Lakini huitazama, kwa sababu kasta ya kushoto ikitofautiana na ya kulia kwa zaidi ya nusu digrii, mara nyingi gari hilo limewahi kuanguka kwenye shimo au kugonga kingo, hata kama mwenyewe anaapa sivyo. Gari huvutia upande wenye kasta ndogo. Na kumbuka lami yetu imeinuka katikati ili maji yateremke, nasi tunaendesha kushoto, kwa hiyo gari zima kabisa litaelekea kushoto kidogo ukiachia usukani. Watu hunidai niondoe hilo. Nikiliondoa kwa kemba, wanalipa kwa kona.

Mwalimu wa Baringo ndiye aliyenipa kesi iliyonisumbua zaidi, baada ya bushi. Mbele tulimaliza vizuri. Fielder haina bolti ya kemba, lakini matundu ya bolti za shokabu yana nafasi ndogo, na ukilegeza, ukasukuma kitovu ndani, ukakaza, unapata kidogo cha kusawazisha pande mbili. Nyuma ndiko kuliko na tatizo. Gari lake lina ekseli moja inayoyaunganisha magurudumu ya nyuma, haina cha kurekebisha, na gurudumu la kushoto lilikuwa limefunguka kupita kipimo. Pengine ni shimo la zamani.

"Kuna fundi ameniambia ataivuta kwa mnyororo na jeki," akasema.

"Anaweza, mwalimu. Itanyooka. Ila chuma kilichopindwa kikapindishwa tena kinaanza kupasuka kwenye weldi, na hutajua ni lini."

"Basi wewe unafanyaje?"

Kuna sahani nyembamba zenye mteremko mdogo, zinazoingia kati ya kitovu na ekseli, zinazogeuza gurudumu kwa sehemu ya digrii. Kwa upotovu mdogo huwa zinatosha. Wake ulikuwa umezidi. Nilimpa karatasi ya vipimo, kisanduku kimoja kikiwa chekundu, nikamwandikia nyuma yake namba ya fremu ya gari ili wauza vipuri wamtafutie ekseli inayolingana. Akaitazama ile nyekundu muda mrefu, akaniuliza kama siwezi kuifanya iwe kijani kidogo tu, kwa sababu mkewe angeiona. Tukakubaliana ashuke na mwendo mdogo hadi ekseli ipatikane, na kwamba mke nimpigie mimi.